TAFAKARI YA JUMA: MKATE KWANZA, NDIPO SAFARI



Dominika hii tunaadhimisha sherehe ya Kristo Mfalme, na mwaka wa liturujia unafika ukingoni. Huku kwetu kaskazini ya Norwei, ng'ambo ya Duara la Aktiki, kuna kingine kinachofika ukingoni juma hili, nacho ni jua. Juzi adhuhuri nililiona kupitia dirisha la sakristia, jekundu, likichungulia juu ya bahari kwa dakika chache, kisha likazama. Baada ya siku chache halitachomoza kabisa hadi katikati ya Januari. Na katika miji iliyozungukwa na milima, kama Tromsø, watu hungoja hadi Januari 21 hivi ndipo walione. Wenyeji hukiita kipindi hiki mørketid, yaani majira ya giza. Saa za adhuhuri anga hupata rangi ya buluu, mtu akaweza kuona njia na nyuso za wenzake, kisha usiku hurudi.

Najua kwamba baadhi yenu mmefika mwaka huu, na kwamba hii ni mara yenu ya kwanza. Kwa ajili yenu hasa naandika tafakari hii, nikiomba radhi kwa wale ambao wamekwisha kunisikia nikiyasema haya ukumbini baada ya Misa. Na ninyi mnaonisoma kutoka Kigoma, Bukavu na Dar es Salaam, msicheke. Someni, ili mjue namna ya kuwaombea ndugu zenu.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna taabu ya pekee na majira haya, kwa kuwa saa zetu tunazihesabu kwa jua. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza baada ya kucha. Saa moja usiku ni saa ya kwanza baada ya kuchwa. Kule Kasulu nilikozaliwa, hesabu hiyo haipotei sana mwaka mzima, kwani Juni na Desemba jua huchomoza karibu wakati uleule. Katika majira yangu ya kwanza ya baridi huku, miaka tisa iliyopita, mama yangu mzazi, ambaye sasa ni marehemu, alinipigia simu siku moja ya Desemba. Akaniuliza kama ilivyo desturi: "Kumekucha salama, Padre wangu?" Nikamjibu: "Mama, bado hakujakucha." Akadhani amepiga mapema mno, akaomba radhi na kukata. Alipopiga tena baada ya saa nne aliuliza lilelile, nami nikajibu lilelile. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi rudi nyumbani." Tulicheka sote wawili, ila mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Ukweli ni kwamba wakati ule nilikuwa nimeanza kuanguka, wala sikujua. Nililala saa kumi kwa usiku mmoja na kuamka nimechoka kama mtu aliyelima usiku kucha. Nilitamani mikate, viazi na vitu vitamu kuliko nilivyowahi kuvitamani maishani. Masifu ya Asubuhi niliyasoma bila kujua nimesoma nini, na siku nyingine sikuyasoma. Nilimkaripia mtumishi wa altare, mtoto wa miaka kumi, kwa sababu ya mshumaa uliozimika kwa upepo. Nikaichunguza dhamiri yangu kama nilivyofundishwa seminarini, nikaandika: uvivu, ukavu katika sala, hasira. Nikasafiri kwa basi kwenda kwa padre jirani kuungama. Nilipewa maondoleo, nikarudi nyumbani nimesamehewa, na bado nimechoka vilevile.

Lifuatalo nalisimulia kwa ruhusa ya mwenyewe, bila kumtaja jina. Katika kwaya yetu alikuwamo kijana mmoja wa Kivu, aliyefika huku na shangazi yake kutoka kambi ya Nyarugusu. Aliimba besi. Alikuwa akifanya kazi ya zamu ya usiku katika kiwanda cha samaki, hivyo zile saa chache za buluu zilimkuta amelala. Shangazi yake alipohamia mji mwingine, yeye alibaki kwa sababu ya kazi. Siku moja mwanzoni mwa Majilio alikuja ofisini kwangu, akaketi na koti lake mwilini, akasema: "Padre, nimechoka, wala sijui kinachonichosha." Nikamwuliza kama anasali. Akajibu kwamba anajaribu lakini hawezi. Basi nikamweleza habari za watakatifu waliopita katika ukavu, nikamwambia kwamba imani hukomaa jangwani, nikampa karatasi ya novena. Yote niliyomwambia yalikuwa ya kweli, ila hayakuwa ya mtu yule wala ya siku ile. Alinishukuru kwa heshima, akaikunja karatasi, akatoka. Sikumpa hata chai.

Hakuja Dominika iliyofuata, wala iliyoifuata hiyo, wala usiku wa Noeli. Nilijiambia kwamba ni zamu za kazi. Lakini mama mmoja wa Jumuiya yetu Ndogo Ndogo, mzee kuliko wote, hakujiambia hivyo. Siku mbili kabla ya mwaka mpya alikwenda kwake na sufuria ya maharage, akabisha hodi mpaka akafunguliwa. Alikuta mapazia yamefungwa na chumba hakina moto. Kijana alikuwa ameachishwa kazi kwa kutofika, hakuwa amekula kwa siku mbili, na katika mazungumzo alimwambia mama yule jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu: kwamba alikuwa ameanza kuona afadhali asingekuwapo. Mama hakumhubiria. Alimpikia, akakaa naye, akampigia simu daktari wa zamu, akampeleka usiku uleule.

Kesho yake alikuja nyumbani kwa mapadre. Alisema: "Padre, yule mtoto si kwamba ana dhambi. Hana mwanga, hana chakula, hana mtu." Kisha akanitazama usoni, akauliza: "Na wewe je? Mara ya mwisho umetoka nje mchana lini?" Nilifikiri, nikashindwa kumjibu.

Juma lile nilikwenda mimi pia kwa daktari. Niliongozana na aibu yangu, kwa maana nilidhani padre anayekwenda hospitali kwa ajili ya huzuni ni padre aliyeshindwa. Daktari hakuniuliza habari za roho. Aliuliza naamka saa ngapi, nala nini, nawasha taa gani, natembea umbali gani, nazungumza na nani mbali na kazi. Kisha akanieleza kwa upole kwamba ndani ya mwili kuna saa, na kwamba saa hiyo hurekebishwa kila siku na mwanga unaoingia machoni, hasa wa asubuhi. Mwanga huo huuambia ubongo upunguze homoni ya melatonini, ile inayotuletea usingizi, na kuuanza mchana. Mwanga usipokuja, saa huchelewa, na kwa watu wengine mwili mzima huishi kana kwamba ni usiku: usingizi mwingi, hamu ya wanga na sukari, uzito wa viungo, na moyo usiofurahia kitu.

Hali hii ilielezwa rasmi na madaktari mwaka 1984, huko Marekani, na aliyewaongoza ni Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika Kusini. Alikuwa amehama kutoka Johannesburg kwenda New York, na katika majira ya baridi ya huko akaona nguvu zake zikipungua, kisha zikirudi na masika. Habari hii ilinifariji sana. Mtu aliyetoka katika jua la Afrika kama mimi alidhoofika kama mimi, naye badala ya kujilaumu akauliza sababu.

Wapendwa, niliporudi kutoka kwa daktari nilifungua Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Mnaikumbuka habari ya Eliya. Nabii aliyesimama peke yake mlimani Karmeli alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Mimi nilikuwa nimeihubiri sura ile mara nyingi, na kila mara niliharakisha kufika mlimani Horebu, penye ile sauti ndogo, tulivu. Safari hii niliona kilichotangulia. Malaika alipomjia hakumkemea, wala hakumwuliza kuhusu imani yake. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya mawe na mtungi wa maji. Eliya akala, akalala tena, na malaika akamwacha alale. Akamwamsha mara ya pili, akamlisha tena, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Swali la Mungu lilikuja baadaye, mlimani, kwa mtu aliyekwisha kula na kulala na kutembea. Mimi nilikuwa nimempa kijana yule swali bila mkate.

Tusiielewe vibaya habari hii, tukasema kwamba sala haina kazi. Sala ina kazi yake, na mwili una haki yake, na aliyeviumba vyote viwili ni mmoja. Kumwambia mtu mgonjwa kwamba anakosa imani ni kumtwisha mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Kwa hiyo naomba kuwaeleza tuliyojifunza katika parokia yetu kwa miaka hii.

Kwanza, tafuteni mwanga, na mwutafute asubuhi. Kipimo cha mwanga huitwa laksi. Taa za kawaida za sebuleni hutoa laksi mia moja au mia chache tu, ilhali jua kali la mchana kule kwetu hufika 100,000. Zipo taa maalumu za laksi 10,000, na mtu huketi mbele yake kwa muda wa nusu saa hivi kila asubuhi, bila kuikodolea macho, akinywa chai au akisoma. Mimi husoma Masifu mbele yake. Mwenye ugonjwa wa macho, au aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka, amwone daktari kwanza. Mwenye zamu za usiku naye amwulize daktari saa ifaayo. Katika ukumbi wetu ipo taa moja, na kuanzia juma lijalo mlango utakuwa wazi saa moja na nusu kila asubuhi kwa yeyote asiye na ya kwake. Chai itakuwapo.

Pili, tokeni nje zile saa za buluu, hata kama ni kwa dakika ishirini. Fungeni chini ya viatu vile vyuma vyenye meno, maana barafu haina huruma na mifupa ya mtu, na mvae vile vipande ving'aavyo ili madereva wawaone. Wenyeji husema kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Mwanzoni niliuona msemo huu kuwa majivuno. Sasa, nikiwa na soksi za sufu, nauona una akili.

Tatu, chakula. Ngozi zetu hutengeneza vitamini D kwa jua, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuliko nyeupe. Huku, kwa miezi mingi, jua la kufanya kazi hiyo halipo kabisa. Ndiyo maana wenyeji hunywa tran, mafuta ya maini ya samaki, kijiko kimoja kila siku, na wana kanuni ya kwamba yanywewe katika kila mwezi wenye herufi "r" katika jina lake, yaani Septemba hadi Aprili. Kwa Kiswahili chetu Septemba hadi Desemba, pamoja na Machi, ingesamehewa, lakini msiisamehe. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 10 kwa siku, na aliyevuka miaka 75 anahitaji 20. Akina mama wenye watoto wachanga waulize kituo cha afya kuhusu matone. Vitamini hii ni ya mifupa na misuli kwanza. Msitegemee kijiko peke yake kifukuze huzuni. Kuleni pia samaki wenye mafuta, kama samoni na vibua, na Januari wale samaki wakubwa wa skrei wakianza kufika Lofoten, kubalini mkialikwa kula mølje, ambayo ni samaki, ini na mayai yake kwa pamoja. Harufu yake itawashangaza, ladha yake itawashangaza zaidi.

Nne, saa ya kuamka isibadilike, hata siku ya mapumziko. Na pombe isifanywe taa. Huchangamsha jioni, na kesho yake giza huwa nene zaidi.

Tano, msikae peke yenu. Jumuiya zetu zitakutana nyumba kwa nyumba kila Alhamisi hadi Februari. Asiyeonekana mara mbili atatembelewa, si kwa kukaripiwa bali kwa sufuria. Watu wa Poland wataleta supu, watu wa Ufilipino wataleta wali na nyimbo, na sisi tutaleta tulicho nacho.

Na sita, ambalo ningeweza kuliweka la kwanza: huzuni ikizidi juma mbili, au kazi na chakula vikikushinda, nenda kwa daktari wako. Ukiwa na mawazo ya kutaka kufa, usingoje asubuhi, kwa maana huku asubuhi haionekani. Piga 113 kama hatari iko karibu, au 116 117 kwa daktari wa zamu. Kisha nipigie mimi, saa yoyote. Sitaanza na novena.

Baada ya haya yote, niwaambie pia kwamba majira haya yana furaha yake, nayo si ya kubuni. Mtafiti mmoja Mmarekani, Kari Leibowitz, alikuja Tromsø akitaka kujua watu wa huku wanavumiliaje majira ya baridi. Aligundua kwamba wengi wao hawayahesabu kuwa jambo la kuvumilia tu. Wanayangojea, kwa ajili ya theluji, mishumaa na nyumba zenye joto. Katika utafiti alioutoa pamoja na mwenzake Joar Vittersø mwaka 2020, wakazi wa kaskazini walionekana kuyapenda kuliko wakazi wa kusini, ambako giza ni pungufu.

Mtaona kuanzia Dominika ya kwanza ya Majilio: nyota za karatasi zenye taa na mishumaa itawekwa madirishani, nyumba hata nyumba, na mapazia hayafungwi, ili apitaye naye apate mwanga. Tarehe 13 Desemba watoto, wamevaa nguo nyeupe, wataandamana na mishumaa kumkumbuka Mtakatifu Lusia, bikira na mfiadini wa Sirakusa, ambaye jina lake latokana na neno la Kilatini la mwanga. Katika kalenda ya zamani sikukuu yake iliangukia karibu na usiku mrefu kuliko yote. Msichana wa Sisilia, penye jua tele, amekuwa rafiki wa watu wa theluji. Basi hata sisi wa Kasulu na wa Uvira tunaweza.

Mtaniuliza habari za kijana yule. Alitibiwa kwa miezi kadhaa, na hakupona kwa siku moja. Mwezi Februari nilikwenda kumwomba radhi. Nilipeleka chai kwenye chupa, pamoja na mkate. Hatukusema mengi. Aliniambia kwamba ile karatasi ya novena bado anayo, ila siku ile alitamani kuulizwa kama amekula. Siku hizi anaishi kusini, anafanya kazi za mchana, na kila mwaka juma kama hili hunipigia simu. Hanisalimu kwanza. Huuliza: "Padre, umewasha taa?"

Alipiga jana. Nilimjibu kwamba nimewasha. Akaniuliza pia kama nimekula, nikasema ukweli kwamba bado, akaniambia nikate simu nikale kwanza.

Jua likirudi Januari, wenyeji watakula maandazi yaliyojazwa jemu, nasi tutakula yetu ya iliki. Tarehe 2 Februari, sikukuu ya Kutolewa kwa Bwana Hekaluni, tutabariki mishumaa, na wakati huo adhuhuri tutakuwa na vivuli vyetu tena. Kati ya leo na siku ile kuna majuma kumi hivi. Safari ni ndefu. Mle, mlale, mtoke nje, na mwangalie ni nani hayupo.

Mungu awabariki nyote, na Bikira Maria, Nyota ya Bahari, awaombee.

Ni mimi, Paroko wenu katika Kristo.